Simu ya kliniki: Anayeipokea ndiye daktari wa kwanza

ILIKUWA Jumatatu asubuhi, mwendo wa saa nne kasorobo, simu ya kliniki yangu ilipolia. Kliniki yenyewe ni ndogo, vyumba vitatu juu ya duka la vyuma katika mtaa mmoja wa Eastlands, Nairobi. Siku hiyo benchi zilikuwa zimejaa hata watu wengine wakasimama kwenye ngazi, kwa maana Jumatatu huleta maradhi yote yaliyovumiliwa tangu Ijumaa.

Aliyepiga alikuwa kijana. Alisema mama yake anazungumza maneno yasiyoeleweka na mdomo umeenda upande. Karani wetu wa mapokezi, ambaye wakati huo alikuwa akipokea pesa kwa mkono mmoja na kutafuta faili kwa mkono wa pili, alimjibu kwa adabu: "Daktari ana mgonjwa. Tafadhali piga tena baada ya saa moja."

Kijana akafanya alivyoambiwa. Alipiga baada ya saa moja, akakuta simu inatumika. Akapiga mara ya tatu, ikalia mpaka ikakatika, kwa kuwa karani alikuwa ameenda maabara kufuata majibu. Ilipofika saa kumi jioni alikata shauri, akakodi teksi na kumleta mama yake mlangoni petu. Nilipomwona nilijua mara moja kwamba ni kiharusi. Na nilipouliza kilianza saa ngapi, nikajua pia kwamba tumechelewa.

Mama huyo yu hai. Lakini mkono wake wa kulia hauna nguvu, naye alikuwa fundi cherehani.

Kuna aina ya kiharusi inayotokana na donge la damu kuziba mshipa wa ubongo. Ipo dawa ya kuyeyusha donge hilo, lakini hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, tena katika hospitali yenye mashine ya kupiga picha ya ubongo, ili ihakikishwe kwanza kwamba si damu iliyovuja. Mama huyu alianza kuugua saa tatu na nusu asubuhi. Muda wake uliisha saa nane mchana. Siwezi kuapa kwamba dawa ingemfaa, kwani si kila mgonjwa anayefaa kupewa, lakini sisi tulimnyima hata nafasi ya kujaribu.

Jioni hiyo nilimkaripia karani. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Daktari, si wewe uliyeniambia nisigonge mlango ukiwa na mgonjwa?"

Sikuwa na jibu. Ni kweli nilimwambia hivyo siku ya kwanza alipoandikwa kazi, na tangu hapo sikuwahi kumwonyesha ni simu gani inayoweza kuivunja amri hiyo. Kosa lilikuwa langu.

Mpenzi msomaji, huenda wewe huna kliniki wala hutaki kuwa nayo. Lakini bila shaka una nambari ya kliniki fulani katika simu yako, na siku moja utaipiga ukiwa na hofu. Kwa hiyo jambo hili linakuhusu. Katika kliniki ndogo, simu ya mapokezi ni kifaa cha matibabu kama kilivyo kipimo cha presha, na anayeipokea ndiye daktari wa kwanza wa mgonjwa, awe amesomea udaktari au hakusomea. Sisi madaktari hatuwezi kumkabidhi mtu kifaa bila kumfundisha kukitumia, halafu tukamlaumu kinapoumiza.

Nambari iliyozaliwa na simu iliyongojeshwa

Kisa cha kliniki yangu si kigeni. Nambari ya 999, ambayo sisi Wakenya tunaijua tangu utotoni, ilizaliwa na simu iliyongojeshwa.

Mnamo Novemba 10, 1935, nyumba ya daktari mmoja wa upasuaji iliwaka moto katika barabara ya Wimpole Street jijini London. Jirani aliuona moto huo, akakimbilia simu ili awaite wazima moto. Siku hizo ilibidi opareta akuunganishe. Jirani alipiga akaachwa akingoja, kwa sababu opareta hawakuwa na njia ya kujua kwamba simu yake ni tofauti na za watu waliotaka kujuliana hali tu. Wanawake watano walikufa katika moto huo. Jirani, kwa uchungu, aliandika barua katika gazeti la The Times, serikali ikaunda kamati, na mnamo Juni 30, 1937 nambari ya 999 ikaanza kutumika London. Mtu alipoipiga, taa nyekundu iliwaka na kengele ikalia mbele ya opareta, wakajua kwamba simu hii haingoji.

Kliniki nyingi ndogo katika miji yetu bado ziko mwaka 1935. Mwenye kutaka kujua bei ya kupima ujauzito na mwenye mtoto aliyepata degedege hulia mlio mmoja. Anayepokea asipofundishwa, huwajibu wote jibu moja: "Daktari ana mgonjwa."

Simu za aina tatu

Baada ya kisa kile tulikaa, mimi, muuguzi na karani, tukazigawa simu zetu katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni simu za sasa hivi. Hizi zinavunja mlango. Karani ana ruhusa, si ruhusa tu bali ni amri, kugonga na kuingia hata kama nina mgonjwa kitandani. Mgonjwa huyo nitamwomba radhi, na mpaka leo sijaona aliyekasirika baada ya kuelezwa.

Fungu la pili ni simu za leo. Huyu lazima azungumze na muuguzi au daktari kabla ya jua kuchwa, na anaambiwa saa tutakayompigia. Hapigi yeye tena, tunampigia sisi.

Fungu la tatu ni simu ambazo karani anaweza kuzimaliza mwenyewe: saa za kufungua, bei, njia ya kufika, siku ya kurudi kubadilisha bendeji.

Dalili za fungu la kwanza tumeziandika kwenye kadi iliyobandikwa ukutani juu ya simu. Ndiyo taa yetu nyekundu. Msomaji, ikate uibandike jikoni kwako, kwani mtu akiwa na dalili hizi hata usipoteze muda kutafuta kliniki ndogo kama yangu. Mkimbize kwenye hospitali kubwa yenye idara ya dharura:

• Mdomo kwenda upande, mkono au mguu kulegea ghafla, maneno kukwama au kuvurugika.

• Maumivu mazito kifuani, hasa yanayoenda kwenye mkono au taya, pamoja na jasho jembamba au kukosa pumzi.

• Kupumua kwa shida, au mgonjwa kushindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi.

• Kuzirai, degedege, au mgonjwa asiyeamka anapoitwa.

• Damu isiyokoma, au kutapika damu.

• Mama mjamzito anayetokwa na damu, anayeumwa sana na kichwa huku macho yakiona ukungu, aliyevimba uso na mikono, au anayehisi mtoto ameacha kucheza tumboni.

• Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila anachopewa, aliyelegea mno, au ambaye mbavu zinaingia ndani anapopumua. Mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye joto jingi naye yumo humu.

• Aliyekunywa sumu, mafuta ya taa au dawa ya wadudu, na aliyeumwa na nyoka.

• Mtu anayesema anataka kujiua. Huyu asiambiwe angoje hata dakika tano, wala asikatiwe simu.

Chini ya kadi tumeandika mambo machache ambayo karani anaweza kusema wakati daktari anaitwa. Aliye na degedege alazwe kwa ubavu, asitiwe kijiko mdomoni. Aliyeungua amwagiwe maji baridi ya mfereji kwa dakika 20, asipakwe dawa ya meno wala mafuta. Aliyekunywa mafuta ya taa asitapishwe, wala asipewe maziwa. Aje na chupa yenyewe. Aliye na dalili za kiharusi asipewe chakula wala maji, na saa dalili zilipoanza iandikwe. Zaidi ya hapo karani hasemi.

"Usijali, haina neno"

Watu wengi hudhani kwamba hatari kubwa kwenye simu ya kliniki ni karani mkali. Ni kweli ukali hufukuza wagonjwa, na wahenga walisema maneno mazuri humtoa nyoka pangoni. Lakini katika miaka yangu ya kazi nimeona kwamba maneno ya upole yameumiza watu zaidi ya matusi. Aliyetukanwa hukasirika akaenda kliniki nyingine. Aliyeambiwa kwa sauti tamu "Usijali mama, haina neno, ni homa tu ya kawaida" hurudi kulala.

Karani si mpiga ramli. Hamwoni mgonjwa, hamgusi, hajui presha yake. Kwa hiyo kwetu tumepiga marufuku semi tatu: "haina neno", "ni kawaida" na "nunua dawa fulani". Badala yake anauliza, anaandika, anamweleza anayehusika.

Maswali yenyewe ni machache, na mpangilio wake una maana. La kwanza ni nambari ya simu. Kwa nini nambari kabla ya jina? Kwa sababu wengi wa wagonjwa wetu hupiga kwa salio la shilingi chache, na simu hukatika katikati ya maelezo. Ukiwa na nambari utampigia. Wengine huflashi tu, simu inalia mara moja na kunyamaza. Zamani tulizipuuza simu hizo tukidhani ni mchezo wa watoto. Sasa karani anazipigia zote, maana asiye na salio ndiye mara nyingi aliye na shida.

Baada ya nambari: mgonjwa ni nani na ana umri gani? Ana shida gani, na ilianza lini? Anapumua vizuri, na yuko macho akiongea? Mko wapi sasa? Ukiuliza haya kwa utulivu hayafiki hata dakika mbili, na yatakuonyesha fungu la simu hiyo.

Liko swali moja ambalo halifai kutangulia, nalo ndilo kliniki nyingi huanza nalo: "Una bima? Utalipa vipi?" Katiba yetu ya mwaka 2010, Ibara ya 43, inasema wazi kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Awe amejiandikisha na SHA au hajajiandikisha, awe na pesa kwenye M-Pesa au hana, kwanza jua kama anapumua.

Chumba cha kungojea kina masikio

Sasa tugeukie jambo ambalo halimwagi damu lakini huvunja nyumba. Kliniki ndogo ina chumba kidogo cha kungojea, na meza ya karani imo humo humo. Kila anachosema kwenye simu husikika na watu kumi walioketi kwenye benchi, na katika mtaa wetu watu hao wanafahamiana.

Miaka ya nyuma nilifanya kazi katika kliniki moja, si yangu, ambako karani alikuwa na tabia ya kurudia kwa sauti kila anachoambiwa: "Unasema ni usaha? Unatoka tangu lini?" Watu wakawa wanaangua kicheko. Sidhani mtu yule alirudi tena, na ugonjwa wake alirudi nao nyumbani kwa mkewe.

Tiba yake ni rahisi. Karani aulize maswali ambayo hujibiwa bila yeye kurudia. Jina asilitaje kwa sauti pamoja na ugonjwa. Ikihitajika mazungumzo marefu, achukue simu aingie chumba cha sindano na kufunga mlango. Sisi tuliisogeza meza mbali na benchi na kuweka redio katikati. Redio ya shilingi mia chache imehifadhi siri nyingi.

Kuna pia simu za watu wanaotaka habari za wengine. "Mimi ni bwana yake. Nataka kujua mke wangu alikuja kutibiwa nini." Au mwajiri: "Huyu kijana wangu alikuwa kwenu jana? Ni kweli anaumwa?" Karani asiyefundishwa, kwa heshima na hofu, hujibu. Hata akisema "Ndiyo alikuja, lakini siwezi kusema ugonjwa", tayari ametoa siri, kwa kuwa kuja kwenyewe ni siri. Mwanamke aliyemwambia mumewe kwamba anaenda sokoni ana sababu zake, na si zote ni za uovu. Wengine wanakimbia kipigo.

Jibu letu ni moja kwa wote, kuanzia mume hadi mchungaji: "Samahani mzee, habari za mgonjwa yeyote hatuzitoi kwa simu, hata kusema kama alikuja au hakuja. Zungumza naye mwenyewe, au mje pamoja." Kwa kuwa jibu ni lile lile kila siku, halimshtaki mtu. Sheria nayo iko upande wetu. Faragha imelindwa na Ibara ya 31 ya Katiba, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inalinda siri za mgonjwa, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa habari nyeti. Kuhusu virusi vya ukimwi, ipo sheria yake tangu mwaka 2006 inayokataza kutoa majibu ya mtu bila idhini yake.

Kuitwa kusiwe jibu

Majibu ya maabara ndiyo yanayotuletea simu nyingi. Mgonjwa anataka kuambiwa upesi, na namwelewa. Lakini jibu zito haliambiwi mtu aliye ndani ya matatu au mbele ya mkubwa wake kazini. Tena, unajuaje kwamba sauti hiyo ni yake na si ya dada yake?

Hapo awali kliniki yetu ilikuwa ikiwasomea kwa simu wale wenye majibu mazuri, na kuwaambia wenye majibu mabaya "njoo uonane na daktari." Tulijiona tuna busara. Baada ya muda mtaa mzima ukawa umeng'amua. Mtu akiambiwa "njoo uonane na daktari" analia hapo hapo, kwa sababu kuitwa kwenyewe kumekuwa jibu. Mmoja alitoweka miezi minne kwa hofu, na ugonjwa wake ulikuwa wa kutibika.

Sasa kila anayetolewa damu huambiwa siku hiyo hiyo jinsi atakavyopata majibu yake. Yale ya kipimo cha ukimwi, ya saratani na ya ujauzito hutolewa ana kwa ana tu, yawe mazuri au mabaya. Mengine anaweza kupigiwa na muuguzi akitaka, kwa nambari aliyoiandika kwa mkono wake, baada ya kuulizwa mwaka wake wa kuzaliwa. Kwa hiyo kurudi kwa daktari ni desturi ya wote.

"Nitumie tu jina la dawa"

Simu nyingine inayotusumbua ni ya anayetaka dawa bila kuonekana. Siku hizi huja na picha za upele kwenye WhatsApp, na nyingine huingia saa sita usiku. Mwenye kupiga huniambia: "Daktari, wewe unanijua. Nitumie tu jina la dawa, nitanunua kwa chemisti."

Simu ina manufaa yake. Mgonjwa wangu wa presha au kisukari, ambaye faili lake liko mbele yangu na dawa zake nazijua, naweza kumshauri kwa simu na kumwokolea nauli. Lakini aliyekohoa wiki mbili na zaidi anahitaji kupimwa kifua kikuu, na sauti yangu haiwezi kumpima. Mwenye homa apimwe malaria kwanza; Shirika la Afya Duniani limeshauri hivyo tangu mwaka 2010, wagonjwa wote wanaoshukiwa wapimwe kabla ya kumeza dawa. Na kila nikitaja antibiotiki kwa mtu nisiyemwona, nasaidia vijidudu kuzoea dawa hiyo. Msomaji, daktari akikataa kukutajia dawa kwa simu, usidhani anataka pesa zako za kumwona. Huenda ndiye anayekupenda.

Usiku ukiingia

Kliniki yangu hufungwa saa mbili usiku. Zamani simu ililia gizani mpaka asubuhi. Sasa anayepiga usiku husikia sauti iliyorekodiwa, kwa Kiswahili, ya nusu dakika: kliniki imefungwa, itafunguliwa saa mbili asubuhi, na kama una dharura nenda hospitali fulani iliyo karibu ambayo idara yake ya dharura haifungwi, au piga 999 au 112. Tumeongeza 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu, na 116 ambayo ni ya bure kwa watoto walio hatarini. Kazi hiyo ilituchukua alasiri moja. Najuta kwamba hatukuifanya mapema.

Nawe unayepiga

Lawama zote zisiwe zetu. Mpigaji naye ana sehemu yake, na akiitimiza husaidia maisha ya mgonjwa wake.

Apige aliye karibu na mgonjwa, si shangazi aliye Thika anayesimulia aliyoyasikia. Anza na jambo kubwa. Usianze na "Habari ya siku nyingi daktari, watoto hawajambo?" Sema: "Mama yangu ana miaka 60, mdomo umeenda upande tangu saa tatu." Heshima tutarudishiana baadaye. Taja mlipo kwa alama inayoonekana, kama vile kanisa, shule au stendi. Sogeza karibu dawa anazotumia ili uzisome majina. Usikate simu kabla hujaambiwa ukate. Na ukiambiwa "Daktari ana mgonjwa" nawe unaona hali ni mbaya, usikubali kirahisi kama alivyokubali kijana yule. Sema waziwazi: "Dada, hii ni dharura, tafadhali mgongee."

La mwisho ndilo kubwa. Simu isipopokelewa mara mbili, acha kupiga, mbebe mgonjwa uende. Ngojangoja huumiza matumbo.

Daftari lenye safu moja zaidi

Kando ya simu yetu kuna daftari la kawaida la shule. Kila simu huandikwa saa, jina, nambari, shida na nani ameambiwa. Safu ya mwisho ndiyo ya maana kuliko zote: amepigiwa saa ngapi? Nafasi hiyo ikiwa tupu, simu haijaisha. Kila jioni nakaa na karani, nasoma ukurasa wa siku hiyo na kuweka sahihi chini.

Daftari hilo lilinifundisha jambo. Simu nyingi zilizokuwa zikiziba njia zilikuwa za kuuliza saa na bei. Tuliviandika vitu hivyo mlangoni na kwenye kadi ya kila mgonjwa, simu zikapungua, nafasi ikapatikana kwa wenye shida. Tena niligundua kwamba nilimpa binadamu mmoja kazi za watu watatu. Sasa Jumatatu asubuhi, mpaka saa tano, simu hupokelewa na muuguzi, na karani anabaki na pesa na mafaili. Siwezi kuajiri mtu wa pili, lakini kupanga upya kazi hakukunigharimu hata senti.

Karani ni yule yule. Majuzi, nikiwa namshona kijana aliyekatwa na mabati, mlango uligongwa mara moja na kufunguliwa kabla sijajibu. "Daktari, kuna mzee wa miaka 70 huko mtaa wa pili. Kifua kinambana tangu nusu saa, na anatoka jasho. Nimeshamwambia mwanawe amkalishe, asitembee. Nambari hii hapa." Niliacha uzi ukining'inia nikashika simu. Mzee alifika hospitalini kabla saa haijaisha.

Fundi cherehani yule bado huja kwangu kila mwezi kupimwa presha. Hushikwa mkono na mwanawe, yule aliyepiga simu. Hajawahi kunilaumu, na labda ndiyo sababu nimeona niyaandike haya.